Siku ya Anga Waliyotunyang'anya

Mpaka leo nikisikia mtu anatamka "mgeni rasmi", damu inanichemka. Watoto wangu wamezoea. Tukialikwa harusini au kwenye mahafali, na mshereheshaji akasimama kutangaza kwamba shughuli haiwezi kuanza kwa sababu mgeni rasmi hajafika, wao hunitazama usoni kwanza, kisha hutazamana wao kwa wao. Wanajua kwamba nikingojeshwa sana nitaondoka. Sijawahi kuwaeleza vizuri kwa nini.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, juu kabisa, mahali ambapo kahawa na migomba inakaribia kuisha na msitu unaanza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, sijaolewa, nakaa chumba kimoja katika nyumba ya walimu. Nilikabidhiwa kundi la skauti wadogo kwa sababu hakuna mwalimu mwanamume aliyelitaka. Wao walitaka skauti wakubwa, wale wa kupiga gwaride na kubeba bendera. Hawa wadogo walionekana ni kazi ya kulea, na kulea kukapewa mwanamke. Sikulalamika. Niliwapenda tangu siku ya kwanza, na wasichana walipoanza kuja kuchungulia mikutano yetu niliwaambia waingie nao. Hakuna aliyenikataza, maana hakuna aliyekuwa anatuangalia.

Habari za watu kutua mwezini zilikuwa zimekwisha kutufikia, kwanza kwa redio, kisha kwa picha za gazeti kuukuu ambalo mtu wa hospitali ya misheni alinipa. Niliibandika picha ya mwanaanga ubaoni, na maswali hayakuisha tena.

"Mwalimu, huko mwezini kuna mifereji ya maji?"

"Wakitaka kurudi nyumbani wanateremkaje?"

Mtoto wa Machame anajua pande mbili tu za dunia, juu na chini. Shamba la babu liko juu, soko liko chini, Moshi mjini ni chini zaidi. Kwa hiyo siku mmoja wao alipouliza, "Mwezini ni mbali kuliko Moshi?" nikasema ni mbali. Akauliza, "Kuliko Dar es Salaam?" Nikasema ndiyo, mbali sana. Akanitazama kwa subira ya mtu anayengoja jibu lenyewe. Nikaona kwamba neno "mbali" halikumwambia chochote, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nalitamka tu bila kuliona.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la Siku ya Anga.

Nilisoma kila kitabu nilichoweza kuazima. Nikagundua kwamba ukilifanya Jua kuwa ungo wa kupepetea, basi Dunia yetu ni punje ya njegere, na Mshtarii ni kama chungwa dogo. Na umbali nao unapungua kwa kiasi hicho hicho. Jua likitundikwa kwenye mlango wa darasa la kwanza, Dunia inaangukia mwisho wa uwanja wa shule, chini ya mti wa mringaringa. Mirihi inaangukia nje ya ua. Baada ya hapo lazima uanze kuteremka, na unateremka, na unateremka, unapita vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, hadi sayari ya mwisho, ambayo ni punje ya ulezi, inakukuta huko bondeni kwenye daraja la njia ya magari. Watoto wangeitembea anga kwa miguu yao, kwa njia wanayoijua.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, na mwoga. Nilipomweleza alisema, "Fanya, mwalimu, ila shamba la shule lisilale." Nikamwahidi palizi itaisha kabla. Iliisha.

Sijui kama nimewahi kuona watoto wakifanya kazi kwa furaha kama ile. Ungo walioupaka rangi ya manjano ulikuwa mbovu, umetoboka pembeni, wakasema ndiyo miale inapotokea. Vibuyu vikubwa vilivyopasuka, visivyofaa tena kwa pombe ya mbege wala kwa maziwa, tulivikata mdomo vikawa kofia za wanaanga. Magamba makavu ya mgomba walijifunga miguuni kuwa viatu vya mwezini. Nyuma ya choo cha walimu tulimwaga majivu kutoka majiko ya nyumba za watoto wote, tukayasambaza, tukachimba mashimo, tukapata Mwezi. Kwa roketi tulipewa mianzi na baba mmoja anayeishi karibu na mto. Ilikuwa mirefu kuliko paa la darasa.

Majina ya sayari yaliwafurahisha kuliko vyote. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Walishangaa kwamba vitu vya mbali hivyo vina majina ya Kiswahili. Kila sayari ilipata mwenyewe. Dunia niliikabidhi kwa binti mmoja mdogo, mkimya, ambaye alikuwa anaitunza ile njegere ndani ya kiberiti kilichojazwa pamba, na kila asubuhi alikuja kunionyesha kwamba ipo.

Zohali iliangukia langoni kwa bibi mmoja mjane. Nilikwenda kumwomba ruhusa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Naambiwa unaniletea nyota."

"Si nyota, bibi, ni sayari. Ina pete kubwa inayoizunguka. Tunaomba mtoto asimame hapa langoni kwako ameishika."

Alifikiri kidogo. "Basi ikikaa hapa mimi ni jirani yake. Siku hiyo nitawawekea maziwa. Watakaofika hapa watakuwa na kiu."

Wazazi wengine nao waliitikia hivyo hivyo. Maharage yalikuja, ndizi za supu ya mtori zilikuja, na baba mmoja aliyekuwa na mbuzi wawili tu alimleta mmoja mwenyewe, akamfunga kwenye mti wa shule akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Huyu ni wa watoto." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu niliyarudia baadaye mbele ya watu, na hayakusaidia.

Ilikuwa imebaki wiki moja mwenyekiti wa kamati ya shule alipopata habari. Alikuwa mtu mwenye sauti nzito, mwenye koti, ambaye hakuwahi kuingia darasani kwangu hata mara moja. Alitukuta tukiifunga mianzi.

"Mwalimu, jambo kubwa hivi unalifanya kimya kimya?"

Nikasema ni siku ya michezo na mafunzo ya skauti wadogo, tena wazazi wote wanajua.

"Wazazi ni wazazi. Jambo kama hili linataka mgeni rasmi."

"Wa nini, Mwenyekiti?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza maji ni ya nini. "Wa kulipa uzito," akasema.

Kesho yake akateremka Moshi, akarudi na ahadi ya mkubwa mmoja. Kuanzia hapo siku yetu ikaanza kuliwa kipande kwa kipande, nami nikitazama.

Kwanza ilikuwa jukwaa. Mgeni hawezi kukaa chini, na juu yake panahitajika kivuli. Mianzi ilikuwa ipo tayari, imekatwa na kunyooshwa. Nilifika asubuhi nikakuta roketi imefunguliwa na vijana wa mwenyekiti wanachimba mashimo ya nguzo. Watoto wamesimama pembeni, vibuyu mikononi. Nilikwenda mbio kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu mkuu, ile ni roketi yao!"

"Najua," akasema, haniangalii. "Lakini mwalimu, utamwambia nini mgeni akichomwa na jua?"

Kisha ikawa ratiba. Gwaride la skauti wakubwa, risala, ngoma, hotuba. Ya kwetu iliwekwa mwisho, nayo ikaandikwa "michezo ya watoto, muda ukiruhusu". Nilipinga kwenye kikao. Nilisema watoto hawa wamejiandaa kwa wiki nyingi na siku hii ilikuwa yao tangu mwanzo. Mwenyekiti akacheka, na wajumbe wawili wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

"Mwalimu, hii ni nchi ya wakulima. Mtoto wa mkulima anakwenda mwezini kulima nini?"

Nikajibu, "Na wewe, Mwenyekiti, umemwita mgeni aje kulima nini?"

Hakuna aliyecheka hiyo. Mwalimu mkuu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Nilichukia neno lile kuliko nilivyochukia kuvunjwa kwa roketi. Tulikuwa tunaambiwa kila siku, redioni na mikutanoni, kwamba watoto hawa ndio taifa jipya, kwamba hakuna tena wa juu na wa chini, kwamba elimu ni ya kumfungua mtu. Mimi niliyaamini. Nilikuwa kijana na niliyaamini kwa moyo wote. Ndiyo maana nilikubali kupangwa kule juu. Na huyu mtu aliyekuwa akiyasema maneno hayo hayo kwa sauti kubwa kuliko sote alikuwa ananiambia, bila haya, kwamba mtoto wa mkulima asiinue macho.

Mwisho wakamchukua mbuzi. Hapo ndipo niliposimama nikasema, "Yule ni wa watoto, mwenyewe alisema." Baba aliyemtoa alikuwepo. Aliinamisha kichwa, na simlaumu. Nyama ikapangwa kuwa ya meza kuu. Watoto watapata mtori, wakasema, na mchuzi utakaobaki.

Siku yenyewe watoto waliamriwa wafike mapema wakae mstari. Skafu zao zilikuwa zimefuliwa na kunyooshwa, nyingine kwa pasi ya mkaa, nyingine kwa kulaliwa chini ya godoro. Mgeni alitarajiwa asubuhi. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi kabisa, kitu ambacho hakitokei kila siku, na maana yake ni jua kali. Tukasubiri. Umande ukakauka. Gari likisikika bondeni mwenyekiti anapiga kelele, "Simama wima!" nao wanasimama wima, na gari linapita. Niliomba niwapeleke kivulini. Nikaambiwa mgeni akifika akakuta wametawanyika itakuwa aibu ya shule nzima. Niliomba wapewe maji. Nikaambiwa wakinywa wataanza kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mgeni alifika saa ya chakula cha mchana imepita. Kwa hiyo akala kwanza. Naomba mtu yeyote aliyewahi kupika mtori anielewe: harufu ya mbuzi yule ilikuwa inavuma uwanja mzima, na watoto wale, ambao baba zao na mama zao ndio walioleta kila kitu kilichokuwa mezani, walisimama mstari wakiwatazama watu wazima wakitafuna. Wengine waliendelea kushika sayari zao mbele ya kifua, kama nilivyowafundisha.

Baada ya chakula ikaja risala, ndefu, na baada ya risala mwenyekiti akasimama kumkaribisha mgeni, na kumkaribisha kwenyewe kukawa hotuba. Alikuwa anaeleza jinsi kamati yake inavyowajali watoto. Hapo yule binti wa Dunia akaanguka.

Hakupiga kelele. Alikunja magoti tu akalala kwenye vumbi, na kiberiti chake kikiwa kimebanwa kiganjani. Mwenyekiti aliona. Nina hakika aliona, kwa sababu alitua kidogo, kisha akapandisha sauti akaendelea.

Nilitembea katikati ya uwanja mbele ya wote. Nilimbeba. Nikampeleka chini ya mringaringa, mama yake akaja mbio na maji, na wanawake wengine wakaja nyuma yake na ndizi na kanga za kumpepea. Alipofumbua macho alinyoosha mkono kunionyesha kiberiti. "Ipo," akasema.

Nikatoa filimbi yangu nikapuliza.

Skauti wadogo wanajua filimbi moja ndefu maana yake ni kukusanyika. Walivunja mstari wote kwa pamoja, wakaja. Mwenyekiti akanyamaza katikati ya sentensi.

"Mwalimu! Unawapeleka wapi watoto?"

Sikuwa nimepanga la kusema. Nikasema kweli.

"Tunakwenda Zohali."

Akina mama chini ya mti wakaanza kucheka, si kwa dharau, kwa kupumua. Tulikwenda kwanza mlangoni pa darasa la kwanza, tukaligusa Jua. Tukahesabu Utaridi, Zuhura. Chini ya mringaringa binti yule alikuwa amekaa mapajani kwa mama yake, amefungua kiberiti, na kila mtoto aliyepita aliinama kuiona njegere. "Sote tuko hapo?" mmoja akauliza. Nikasema sote, na mlima wetu, na bahari, na Marekani yenyewe. Hakukuwa na haja ya kueleza zaidi.

Kisha tukatoka nje ya ua, tukaanza kuteremka. Nyuma yangu hotuba ilikuwa imeanza tena, inasikika kidogo kidogo kati ya migomba. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba njia nilikuwa siioni vizuri, na watoto ndio walioniongoza. Kadiri tulivyoteremka ndivyo walivyokuwa wananyamaza. Mshtarii ilikuwa mbali. Zohali ilikuwa mbali zaidi, na bibi alikuwa amesimama langoni na vibuyu vya maziwa, amengoja tangu asubuhi, na hakuuliza kwa nini tumechelewa. Walikunywa kama ndama. Baada ya pale hakukuwa na kitu, njia tu, njia ndefu tupu, na yule aliyewahi kuniuliza kama mwezini ni mbali kuliko Moshi akasema peke yake, taratibu, "Kumbe."

Tulikuwa tumefika darajani, yule wa sayari ya mwisho ameiweka punje yake ya ulezi juu ya jiwe, gari la mgeni lilipoteremka. Likasimama. Mgeni akatoa kichwa. Watoto wakamwamkia, akaitikia, akauliza, "Mnafanya nini hapa?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Ungo, njegere, chungwa, bibi wa Zohali. Alishuka garini. Alikuwa mtu mzima, mchovu, tai imelegea. Aliinama akaitazama ile punje ya ulezi, kisha akainua uso akatazama juu tulikotoka, ambako shule haionekani tena kwa migomba.

"Mwalimu," akaniambia, "mbona sikuonyeshwa haya? Ndiyo niliyojia. Niliambiwa nitaona watoto wa anga, nikapewa nyama."

Nilikuwa nimemchukia tangu asubuhi, na sasa ikabidi chuki ile nimwondolee, nayo haikupungua hata chembe, ilikwenda yote kwa mwenye koti. Mgeni aliondoka. Hakuandika chochote kunitetea, wala sikumtarajia.

Wiki iliyofuata niliitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti alisema nimeidhalilisha shule mbele ya kiongozi na kuwafundisha watoto ukaidi. Mwalimu mkuu alikaa anatazama kalamu yake. Lakini mlango ulifunguliwa, wakaingia akina mama, wengi, wengine bado na majembe, na mama wa yule binti akasimama mbele.

"Mimi sikualikwa," akasema. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Mwanangu alipoanguka, kati yenu ni nani aliyeinuka kwenye kiti?"

Aliuliza tena, kwa Kimachame safari hii, polepole, akimtazama mmoja mmoja. Mjumbe mmoja akasema mambo haya yana utaratibu wake. Mama akasema, "Nimeuliza nani aliinuka."

Walitoka bila kujibiwa. Shauri langu likaahirishwa, na nilidhani nimeshinda. Kabla muhula haujaisha nilihamishiwa Sanya Juu. Waliuita uhamisho wa kawaida. Skauti wadogo walipewa mwalimu wa gwaride, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaondoa wasichana.

Nilipokwenda nyumbani kuaga, baba alinisihi nijifunze subira, kwamba ningengoja hotuba iishe ningekuwa bado na kundi langu. Mama alikuwa anamenya ndizi. Alimwacha amalize, kisha akaniambia, bila kuinua kichwa, "Mimi ningewatoa wakati wa nyama."

Nilifundisha Sanya Juu hadi nilipoolewa, kisha mjini. Nimewahi kuambiwa kwamba yule mwenyekiti alizikwa kwa heshima kubwa, na kwamba mazishi yalichelewa kwa sababu kuna mkubwa alikuwa anasubiriwa. Aliyenisimulia alidhani nitacheka. Sikucheka. Nilimuuliza kama watoto walikuwepo, na kama walipata mahali pa kukaa.